Kazini wanataka uweke apu zao kwenye simu yako binafsi? Soma hapa kabla hujabonyeza "Ruhusu"

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimekaa nao moyoni miezi mingi, nilikuwa naogopa kuuandika kwa sababu bado nilikuwa nafanya kazi pale. Sasa nimeshaondoka naomba niseme yote.

Ilianza kidogo kidogo. HR walituma meseji kwenye grupu, kuanzia Jumatatu kila mtu aweke apu ya mahudhurio kwenye simu yake, hakuna barua, hakuna maelezo, hakuna aliyeuliza kama una simu ya kuiweka hiyo apu. Nikaweka. Ikaomba lokesheni nikabonyeza ruhusu, ikaomba tena lokesheni "muda wote" nikabonyeza, ikaomba kamera, maikrofoni, namba zote nilizosevu, nikabonyeza zote maana bila hivyo haifunguki na isipofunguka unahesabika hujafika kazini. Sikusoma hata mstari mmoja.

Kama miezi mitano baadaye nikaanza kuumwa, ugonjwa ambao sikutaka mtu aujue, nikawa naenda kliniki Jumamosi kwa kuwa Jumamosi siko kazini. Siku moja msimamizi wangu akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akaniuliza "matibabu yanaendeleaje?" Nikamuuliza matibabu gani. Akasema ameona kwenye mfumo wikendi tatu mfululizo niko sehemu ile ile, akaitafuta kwenye ramani akakuta ni kliniki ya nini. Wakuu mwili ulikufa ganzi. Mama yangu mzazi alikuwa hajui. Ndugu zangu walikuwa hawajui. Alikuwa anajua mke wangu tu, na sasa anajua msimamizi na yeyote mwingine mwenye paswedi ya ule mfumo.

Na yule bwana hakuwa mtu mbaya, naamini alikuwa ananionea huruma kweli. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba haikuhitajika mtu mbaya, apu ilikuwa inamwekea maisha yangu mezani kila asubuhi bila hata yeye kuomba.

Tangu siku ile nimesoma sana haya mambo, nimeuliza watu wa IT, nimeuliza mwanasheria mmoja ndugu yangu. Nilichokuja kukielewa ni kwamba watu wengi tunauliza swali la mwisho kwanza, tunauliza "wanaona meseji zangu?" wakati swali la kwanza ni je, walikuwa na haki gani ya kuingia kwenye simu niliyoinunua mimi, ninayoilipia bando mimi, na nina njia gani nyingine ya kufanya kazi ile ile bila wao kuingia.

Kwanza tuelewane, apu za kazi hazilingani. Ile apu inayokupa namba sita za kuingilia kwenye akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, hiyo wengi wanaiogopa bure. Zile namba zinatengenezwa ndani ya simu yako mwenyewe kwa kutumia saa na siri iliyohifadhiwa wakati ule ulipopiga picha ile kodi ya mraba (QR), hata ukizima intaneti zinaendelea kutoka. Haihitaji lokesheni wala namba za watu wako. Ikiomba hivyo vitu inyime kabisa, itafanya kazi.

Apu ya barua pepe na ya kuchati ya ofisini ni hatari ya kati, inategemea imewekwaje, nitaeleza.

Apu ya mahudhurio na ya lokesheni ndio iliyoniumiza mimi. Hapa shida kubwa ni neno moja, "muda wote". Simu za sasa zinakupa kuchagua kwamba apu ipate lokesheni pale tu unapoitumia, au isipate kabisa, au ipate muda wote hata ukiwa umelala. Kugonga saa ya kuingia kazini kunahitaji sekunde chache za lokesheni asubuhi na chache jioni. Hakuna kazi ya mahudhurio inayohitaji kujua uko wapi Jumamosi saa nne asubuhi. Mwaka 2015 kule California kuna mfanyakazi mmoja alifungua kesi akidai alifukuzwa baada ya kuifuta apu iliyokuwa inamfuatilia saa 24, akasema bosi wake alikiri kwamba inaendelea kumwonyesha hata akiwa hayuko kazini. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, nilidhani niko peke yangu duniani.

Halafu kuna ile ya nne, kubwa kuliko zote, ni mfumo wa kusimamia vifaa, watu wa IT wanauita MDM. Huu ukiwekwa vibaya mwajiri anakuwa mwenye simu na wewe unakuwa mpangaji. Anaweza kulazimisha paswedi, kuzuia apu, kuweka vyeti vyake vya kidijitali (faili zinazoifanya simu yako iuamini mtandao wake) na kupitisha intaneti yako yote kwake, na anaweza kuifuta simu nzima akiwa amekaa ofisini. Kabla hujakubali skrini yoyote yenye maneno kama "futa data zote" au "msimamizi wa kifaa", simama hapo hapo. Piga skrinshoti. Uliza.

Naomba michango yenu, walioko upande wa IT mtuambie ukweli.

Chausiku_77:
Pole sana kaka angu, na Mungu akupe afya. Mimi yangu ni hiyo ya kufutwa. Niliunganisha tu barua pepe ya kazini kwenye ile apu ya barua inayokuja na simu, sikuweka kitu kingine chochote, ikatokea skrini fulani nikabonyeza ndiyo kama kawaida yetu. Nilivyoacha kazi, siku hiyo hiyo jioni niko nyumbani simu ikajizima ikawaka kama imetoka dukani, inaniuliza nachagua lugha gani. Picha za mwanangu tangu siku aliyozaliwa mpaka anaanza kutembea zote zilikuwa humo. Sikuwa na bakapu. Niliwapigia wakaniambia ni utaratibu wa kawaida mtu akiondoka, wala hawakusema pole. Mwanangu sasa ana miaka sita na sina picha yake hata moja akiwa mchanga isipokuwa mbili alizokuwa nazo dada yangu.

Mwanzisha uzi:
Dada pole sana, kwa kweli hii imenigusa. Kilichotokea ni kwamba ile njia ya zamani ya kuunganisha barua pepe inampa mwenye seva uwezo wa kutuma amri ya kufuta kifaa kizima, na hawakuhitaji apu nyingine yoyote. Ukitumia apu inayojitegemea ya barua, kama Outlook, amri hiyo ikija inafuta vitu vya kazini vilivyo ndani ya apu hiyo peke yake. Tofauti ni ndogo kwa macho lakini umeona mwenyewe ilivyogharimu. Jamani wekeni bakapu leo, msisubiri.

Seva_Baridi:
Mimi ndio nakaa upande wa pili wa hizo skrini, miaka kumi na kitu sasa. Niseme ukweli wangu.

Ukiwa na Android, tangu toleo la 5 la mwaka 2014 kuna kitu kinaitwa profaili ya kazi. Simu inagawanywa vyumba viwili. Apu za kazi zinakuwa na alama ya kibegi, ziko upande wao, na mimi nikikaa kwenye mfumo naona upande wa kazi tu. Sioni picha zako, sioni meseji zako, sioni hata una apu gani upande wako binafsi. Ukiondoka nafuta kile chumba cha kazi na chako kinabaki kilivyo. Na ikifika jioni unaweza kuizima profaili nzima kwa kubonyeza mara moja, apu zote za kazi zinalala mpaka asubuhi. Kwa iPhone wameleta kitu kinachofanana na hicho tangu iOS 13 mwaka 2019, data za kazi zinakaa sehemu yake kwenye simu na mwajiri hana amri ya kufuta simu nzima.

Sasa mbona watu bado wanaumizwa? Kwa sababu msimamizi wa IT anachagua mwenyewe njia ya kusajili simu, na wengi wanachukua ile ile waliyoizoea kwenye simu za kampuni, wanaiweka kwenye simu ya mtu binafsi. Wengine ni uvivu, wengine hawajui, na kuna sehemu bosi anataka kabisa aone kila kitu. Kwa hiyo swali lako kwa IT lisiwe "mnaniona?" maana atakujibu hapana na utaondoka. Muulize hivi: "simu yangu mnaisajili kama ya kampuni au kama ya binafsi, na mkinifuta kesho kitafutika nini?" Akibabaika usisaini.

Na vyeti, hapa watu hawaangalii kabisa. Ukitumia tu wifi ya ofisini, tovuti nyingi zimefungwa kwa usimbaji, tunaona jina la tovuti unayoenda lakini hatuoni ulichoandika ndani. Ila ukikubali cheti cha kampuni kiwekwe kwenye simu na intaneti yako ikapita kwetu, hiyo bahasha tunaweza kuifungua. Kwenye iPhone nenda Setingi, Jumla, halafu mahali pa VPN na usimamizi wa kifaa, kama kuna profaili yoyote utaiona hapo. Kwenye Android tafuta neno "msimamizi wa kifaa" kwenye sehemu ya usalama. Fanya sasa hivi wala haichukui dakika moja.

Bi_Hesabu:
Mimi niwe tofauti kidogo. Nina biashara ndogo, wafanyakazi 9. Kumnunulia kila mmoja simu siwezi, na data za wateja zikivuja kupitia simu ya mfanyakazi anayeshtakiwa ni mimi siyo yeye. Kwa hiyo mnapoongea kama vile kila mwajiri ni mpelelezi mnatuonea. Mfanyakazi mwenyewe anataka kujibu barua akiwa kwenye basi, hataki kubeba simu mbili.

Mwanzisha uzi:
Mama nakuelewa vizuri na nashukuru umeongea. Kulinda data za wateja ni wajibu wako na mimi nikiwa mteja wako nitataka uzilinde. Ila angalia, kila kitu ulichokitaja kinalindwa na hicho chumba cha kazi alichoeleza Seva_Baridi. Barua ziko humo, mafaili yako humo, simu ikiibiwa unafuta humo. Hakuna mteja wako hata mmoja anayelindwa kwa wewe kujua mfanyakazi wako Jumamosi alikuwa wapi. Na asiyetaka kabisa kuweka kitu kwenye simu yake mpe kifunguo kidogo cha usalama cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinafanya kazi ya zile namba sita na bei yake haikaribii kabisa bei ya simu.

Lingine ni gharama. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya California iliamua kwamba mfanyakazi akilazimika kutumia simu yake binafsi kwa kupiga simu za kazi, mwajiri lazima amrudishie sehemu ya haki ya bili yake, hata kama bando lake halina kikomo na hakuongeza hata senti. Mimi nilivyoielewa ni kwamba mali ya mtu ikifanya kazi yako, unailipia. Kama unalipa kitu kidogo cha bando kila mwezi mama, hata mazungumzo yenu yanabadilika, mfanyakazi anaona mmekubaliana badala ya kuona amenyang'anywa.

Bi_Hesabu:
Hilo la kifunguo sikulijua. Nitamuuliza kijana anayenisaidia mambo ya kompyuta. Na lokesheni kwa kweli sijawahi kuihitaji, ilikuja tu imewashwa kwenye apu tuliyonunua.

Mtu_wa_Shifti:
Sasa mimi nasambaza mizigo, kazi yenyewe ni lokesheni, mteja anataka aone mzigo umefika wapi. Hapo nakataaje bila kuonekana sitaki kazi?

Mwanzisha uzi:
Mdogo wangu kesi yako ipo na ilishaamuliwa. Hispania kampuni ya Telepizza iliwataka wasambazaji walete simu zao wenyewe zenye intaneti na waweke apu ya kuwafuatilia wakati wa kupeleka oda, usipoleta unasimamishwa. Vyama vya wafanyakazi wakaenda mahakamani. Februari 2019 mahakama ya kitaifa ikasema mpango huo ni batili, na 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikakubaliana nayo. Angalia sababu zao maana zitakusaidia popote ulipo. Hawakusema mteja hana haki ya kujua mzigo uko wapi. Walisema kuna njia isiyoingilia sana, GPS ingeweza kuwekwa kwenye pikipiki, na kwamba mwajiri hawezi kumhamishia mfanyakazi mzigo wa kununua vifaa vya kazi.

Kwa hiyo wewe usiseme "sitaki kufuatiliwa". Sema "naomba kifaa kikae kwenye gari, au mnipe simu ya kazi niiache ofisini shifti ikiisha". Hapo hujakataa kazi na hakuna mtu wa kukuambia mkaidi. Na wakati unasubiri jibu, badili ruhusa iwe "wakati wa kutumia apu tu" na shifti ikiisha funga apu kabisa, usiiache ikizunguka nyuma.

Karani_Mstaafu:
Wanangu mnasahau kitu kimoja. Watakuambia "lakini ulikubali, ulisaini". Mimi nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, kusaini kwa mwajiriwa mpya kunaeleweka kwa namna moja tu, anataka mshahara.

Mwanzisha uzi:
Mzee wangu umesema jambo zito sana, na wataalamu wameliandika. Juni 2017 kundi la mamlaka za ulinzi wa data za nchi za Umoja wa Ulaya lilitoa maoni kuhusu data kazini, wakasema ridhaa ya mfanyakazi kwa mwajiri wake mara nyingi haiwezi kuwa msingi halali, kwa sababu mfanyakazi hana nafasi ya kweli ya kukataa bila kuumia. Mwaka uliofuata, 25 Mei 2018, sheria yao ya ulinzi wa data, GDPR, ikaanza kutumika. Na siyo Ulaya peke yake, Kenya na Uganda wana sheria kama hiyo tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Maneno yanatofautiana lakini mzizi unafanana: aseme anakusanya nini na kwa ajili gani, asikusanye zaidi ya hicho, na wewe una haki ya kuomba uone alichonacho juu yako.

Hii haki ya mwisho ndio niliyoitumia mimi. Niliandika barua fupi, naomba nakala ya taarifa zangu zote za lokesheni, na mniambie nani amezifungua na mnazihifadhi kwa muda gani. Sikutukana mtu, sikutishia mtu. Zilikuja kurasa nyingi sana, usiku wangu wote, nyumba ya mama, ile kliniki, kila kitu na dakika yake. Wiki iliyofuata lokesheni ya muda wote ikazimwa kwa wafanyakazi wote bila tangazo. Nadhani na wao walikuwa hawajawahi kuisoma mpaka walipolazimika kuichapisha.

Mgeni_Tu:
Na magrupu ya WhatsApp ya kazini je? Hapo hakuna apu ya kampuni, ni WhatsApp yangu ya siku zote.

Seva_Baridi:
Hiyo wengi wanaona ni salama ila ina mtego wake. Ukichanganya mazungumzo ya kazi na yako kwenye apu moja, siku kukitokea uchunguzi au kesi watataka simu yako, kwa sababu ushahidi uko humo. Desemba 2021 benki ya JPMorgan walipigwa faini ya jumla ya dola milioni 200 na wasimamizi wa masoko ya fedha wa Marekani, sababu wafanyakazi wake, mpaka wakubwa, walikuwa wanazungumza kazi kwenye simu zao binafsi bila kumbukumbu kuhifadhiwa. Kwa mfanyakazi maana yake ni kwamba mazungumzo ya kazi yakiingia humo, mtu mwingine anapata sababu ya kuomba aifungue simu yako. Omba kazi ibaki kwenye apu ya kazi. Ikishindikana tumia namba nyingine, WhatsApp nyingine.

Mtu_wa_Shifti:
Nimerudi wakuu. Nilimwandikia msimamizi kama ulivyoniambia, neno kwa neno. Amejibu kwamba kuna simu mbili za zamani stoo, moja nitapewa mimi niwe naiacha pale jioni. Swali langu la mwisho, nikiifuta apu kwenye simu yangu leo yamekwisha?

Mwanzisha uzi:
Hongera sana mdogo wangu, nimefurahi kweli. Yamekwisha upande wa simu tu. Fuata hatua kwa mpangilio, kwanza ondoa akaunti ndani ya apu, angalia kule kwenye msimamizi wa kifaa kama kuna jina la kampuni ulitoe, ndipo ufute apu. Yale yaliyokusanywa mpaka leo yako kwenye seva yao na kufuta apu hakuyagusi, waandikie uombe yafutwe au wakuambie kwa maandishi kwa nini wanayahitaji. Na uweke bakapu kabla hujagusa chochote, tusije tukampata Chausiku_77 mwingine humu.

Chausiku_77:
Weka leo leo mdogo wangu, kabla hujalala.